PUMZI MOJA: OKSIJENI, NEEMA ILIYO NA KIPIMO CHAKE

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Tarawehe)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwezi huu mtukufu tukiwa wazima. Ndugu zangu vijana, mama zetu, baba zetu, na maustadhi mlioketi hapa mbele, najua mmechoka na kesho kuna daku. Sitawaweka sana. Lakini nawaomba mnisikize kwa makini, manake haya tutakayozungumza usiku huu mengine yaweza kuokoa roho ya mtu nyumbani kwako.

Mada yenyewe ni oksijeni. Kijana mwingine atasema, "Ah, hiyo tulisoma darasa la tano." Sawa. Hebu tuulizane basi. Sisi sote hapa tumefunga leo zaidi ya saa 13 bila chakula wala maji, na alhamdulillahi tuko salama. Mtu mzima mwenye afya aweza kukaa wiki kadhaa bila chakula, na siku chache bila maji. Sasa ziba pua na mdomo uanze kuhesabu. Wengi hapa hamtafika dakika mbili. Ubongo wa binadamu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu moja kwa tano ya oksijeni yote tunayovuta. Ukikosa oksijeni kwa dakika nne hivi, seli zake zinaanza kufa. Hii ndiyo riziki ambayo mwili hauwezi kuiwekea akiba.

Oksijeni ni kitu gani?

Hewa tunayovuta si kitu kimoja. Asilimia 78 ni naitrojeni, asilimia 21 ni oksijeni, na hiyo moja iliyobaki ni mchanganyiko wa gesi nyingine. Oksijeni haina rangi, haina harufu, haina ladha. Na haiko hewani peke yake. Maji ukiyapima kwa uzito, asilimia 89 ni oksijeni. Mawe na mchanga wa ardhi hii, karibu nusu ya uzito wake ni oksijeni. Hata wewe hapo ulipokaa, kama asilimia 65 ya uzito wako ni hiyo hiyo oksijeni, nyingi yake ikiwa ndani ya maji ya mwili.

Wanasayansi wanatuambia kwamba dunia hapo mwanzo haikuwa na oksijeni ya kuvuta. Vijidudu vidogo sana vya baharini, visivyoonekana kwa macho, vilikuwa vikitumia mwanga wa jua kuyapasua maji na kuiachia oksijeni nje. Iliendelea hivyo mpaka kiasi cha miaka bilioni 2.4 iliyopita, ndipo ikaanza kujaa hewani. Mimea yafanya kazi hiyo hiyo mpaka leo. Mwaka 1941 wanakemia wawili huko California, Samuel Ruben na Martin Kamen, walitumia oksijeni nzito iliyo kama alama, wakaonyesha kwamba oksijeni inayotoka kwenye majani inatokana na maji ambayo mmea umekunywa. Watu wengi walidhani inatokana na ile hewa ya kaboni dayoksaidi. Kumbe sivyo.

Waliyoifichua siri yake

Mwaka 1771 kule Uingereza, mtu mmoja aitwaye Joseph Priestley aliwasha mshumaa ndani ya chombo kilichofunikwa mpaka ukazimika. Hewa ile ikawa imeharibika, mshumaa hauwaki tena. Akaingiza kijiti cha nanaa, hii nanaa tunayotia kwenye chai, akaiacha siku kadhaa. Alipojaribu tena, mshumaa ukawaka. Mmea ulikuwa umeitengeneza hewa.

Tarehe 1 Agosti 1774, Priestley alielekeza miale ya jua kwa kioo cha kukuza juu ya unga mwekundu wa zebaki, akakusanya gesi iliyotoka. Mshumaa ndani ya gesi hiyo uliwaka kwa nguvu za ajabu. Panya aliyetiwa humo aliishi muda mrefu kuliko katika hewa ya kawaida. Na ukweli ni kwamba Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alikuwa ameshaipata gesi hiyo kabla yake, ila kitabu chake kilichelewa kutoka mpaka mwaka 1777. Vijana, hapo kuna funzo: elimu uliyoifungia kabatini yaweza kuhesabiwa kuwa ya mwingine.

Aliyeieleza sawasawa ni Mfaransa Antoine Lavoisier. Yeye ndiye aliyeipa jina, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mzaa asidi". Alidhani kila asidi ina oksijeni ndani yake. Hapo aliteleza, kwa sababu asidi iliyo tumboni mwetu haina oksijeni hata kidogo. Lakini katika jambo kubwa alipatia. Yeye na mwenzake Laplace walipima joto la mnyama mdogo anayepumua, wakalilinganisha na joto la makaa yanayowaka. Wakaona ni kazi ya namna moja. Makaa jikoni huchukua oksijeni na kutoa joto na kaboni dayoksaidi. Mwili nao huchukua oksijeni, huunguza chakula polepole, hutoa joto na kaboni dayoksaidi. Hata bati linalopata kutu, ni oksijeni hiyo hiyo inalila, ila kwa mwendo wa kobe. Lavoisier aliuawa katika mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1794, lakini hesabu yake imebaki.

Safari ya pumzi mwilini

Sasa tuifuate pumzi ikiingia ndani. Na hapa lazima tumtaje mwenzetu, Ibn al-Nafis, mganga na mwanachuoni aliyesomea Damascus, akafanya kazi Cairo, na akafariki huko mwaka 1288. Kwa miaka zaidi ya elfu moja waganga walikuwa wakifuata maneno ya Galen kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu katika ukuta wa katikati. Ibn al-Nafis akasema hapana, ukuta huo hauna vitundu. Damu haina budi kutoka upande wa kulia, iende mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Ulaya jambo hili lilikuja kuandikwa na Michael Servetus mwaka 1553, na William Harvey akaeleza mzunguko mzima wa damu mwaka 1628. Oksijeni yenyewe Ibn al-Nafis hakuijua kwa jina. Lakini njia ya kuipata aliichora. Na aliichora kwa kuthubutu kukiuliza kitabu kikubwa swali, kwa adabu na kwa hoja.

Mapafuni kuna vifuko vidogo vidogo vya hewa, mamia ya mamilioni. Kuta zake ni nyembamba mno, na mishipa ya damu imevizunguka. Oksijeni hupenya hapo na kudakwa na himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake. Kila molekuli ya himoglobini ina atomu nne za chuma, na kila chuma hubeba oksijeni moja. Ni kama gari la abiria wanne. Ndio maana mtu asiye na madini ya chuma mwilini huchoka na kuhema ovyo: barabara iko, abiria wako, magari ni machache.

Gari likifika kwenye seli, abiria hushuka. Ndani ya seli kuna vinu vidogo viitwavyo mitokondria. Humo sukari huvunjwa na oksijeni hupokea kile kinachobaki mwisho wa kazi, na nguvu hupatikana. Sukari moja ikitumika pamoja na oksijeni hutoa vifurushi vya nguvu kama 30. Bila oksijeni hutoa viwili tu. Ukipiga mbio kali ukasikia misuli yakaza na kuuma, ni kwa sababu mahitaji yamezidi oksijeni inayofika.

Je, mwili hujuaje kwamba oksijeni imepungua? Swali hili lilichukua miaka mingi. Mwaka 2019 zawadi ya Nobel ya tiba walipewa watu watatu, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, kwa kulijibu. Kuna protini iitwayo HIF. Oksijeni ikiwa ya kutosha, protini hiyo hutiwa alama na kuharibiwa kila wakati. Oksijeni ikipungua, alama haitiwi, HIF hubaki hai, nayo huamsha chembe za urithi zinazohusika. Figo huambiwa zitoe homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Wanariadha wetu wanaofanya mazoezi Iten, karibu mita 2,400 juu ya bahari, wanafaidika na jambo hili. Huko juu oksijeni bado ni asilimia 21, lakini mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo kila pumzi hubeba oksijeni kidogo, na mwili hujibu kwa kuongeza damu. Ujuzi huu umeshazaa dawa za upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo na dawa za aina fulani za saratani, kwa sababu uvimbe wa saratani nao huitumia njia hii kujitafutia mishipa ya damu.

Ikipungua ni hatari, ikizidi pia

Ndugu zangu, hapa ndipo kiini cha mazungumzo yetu. Oksijeni ni dawa, na kila dawa ina kipimo.

Tuanze na upungufu. Ugonjwa wa nimonia, au kichomi kama wazee wanavyouita, hujaza maji na usaha katika vile vifuko vya hewa. Mwaka 2019 pekee uliua watoto wapatao 740,000 wa chini ya miaka mitano duniani. Wengi wanahitaji dawa ya kuua vijidudu na oksijeni kwa siku chache, basi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliandika wazi katika orodha yake ya dawa muhimu kwamba oksijeni ni dawa ya mgonjwa yeyote aliyepungukiwa nayo, si ya chumba cha upasuaji tu. Na mwezi wa Aprili na Mei 2021, wakati wa Korona, sote tuliona kwenye televisheni watu wa India wakihangaika barabarani na mitungi mitupu. Hewa imejaa oksijeni, na mtu anakufa kwa kuikosa. Kwa nini? Kwa sababu kuitenga na naitrojeni kunahitaji mitambo. Kiwandani hewa hupozwa mpaka igeuke maji, kisha oksijeni hutengwa kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sufuri, na naitrojeni kwenye nyuzi 196 chini ya sufuri. Siku hizi kuna mashine ndogo pia, inayopitisha hewa kwenye punje za madini yanayokamata naitrojeni, na kutoa oksijeni ya zaidi ya asilimia 90. Lakini mashine hiyo yataka umeme. Stima ikipotea na hakuna jenereta, imekwisha.

Sasa tuangalie kuzidi. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950, hospitali za nchi tajiri zilikuwa zikiwapa watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia oksijeni nyingi bila kipimo. Nia ilikuwa njema. Lakini maelfu yao walikuwa vipofu, kwa sababu oksijeni iliyozidi iliharibu mishipa michanga ya macho. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950, ni mmoja wao. Utafiti ulipothibitisha sababu, hospitali zikaibana oksijeni. Zikaibana mno, na watoto wengine wakafa au wakapata madhara ya ubongo. Utafiti wa karne hii umeonyesha mizani bado ni nyembamba: ukishusha kiwango, vipofu hupungua lakini vifo huongezeka.

Kwa nini kitu kizuri kiumize? Kwa sababu oksijeni haitulii. Mara nyingine hutoka kwenye kazi yake ikiwa imegeuka kali, ikararua kuta za seli na chembe za urithi. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich waligundua kimeng'enya mwilini ambacho kazi yake ni kuituliza oksijeni hiyo kali. Yaani umewekewa moto, na umewekewa mzima moto.

Basi daktari anahitaji kupima. Kile kifaa wanachobana kidoleni hospitalini kilitokana na kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hupitisha mwanga na kutazama rangi ya damu. Kimeokoa watu wengi sana. Lakini utafiti uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi, kifaa hiki kilishindwa kuuona upungufu karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Rangi ya ngozi huuchanganya mwanga. Kwa hiyo namba ikionyesha sawa na mgonjwa anahema, mtazame mgonjwa. Na nyinyi vijana mnaopenda sayansi, hii ni kazi inayowangoja: ni nani atakayetengeneza kifaa kinachopima ngozi yetu sawasawa kama si sisi?

Jiko chumbani

Wazazi, sasa niwaombe masikio yote mawili. Nazungumza juu ya jiko la makaa.

Makaa yakipata hewa ya kutosha hutoa kaboni dayoksaidi. Yakikosa hewa ya kutosha, kama ndani ya chumba kilichofungwa, hutoa gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na haiwashi macho. Wengi husema, "Makaa yameshakuwa mekundu, moshi umekwisha, lete ndani tuote." Wapi! Moshi umekwisha, sumu haijaisha. Gesi hii hushika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Turudi kwenye gari letu la abiria wanne: viti vimekaliwa na mtu asiyetaka kushuka, na oksijeni imeachwa kituoni.

Mtu huanza kuumwa kichwa, kisunzungulizi, kichefuchefu na usingizi. Adhani ni uchovu wa saumu, ajilaze. Haamki. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za namna hii, familia nzima imelala na jiko. Na kile kifaa cha kidoleni cha kawaida hakiwezi kuigundua, manake damu iliyoshikwa na gesi hii bado ni nyekundu, na namba huonekana nzuri kabisa.

Kwa hiyo:

1. Usilale na jiko la makaa ndani, hata dakika kumi. Kuweka beseni la maji kando yake hakusaidii, gesi hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana.

2. Ukipika daku kwa makaa, fungua dirisha na mlango, au pika nje. Jenereta nayo isiwashwe ndani ya nyumba.

3. Ikiwa watu kadhaa nyumbani wanaumwa kichwa pamoja na jiko limewaka, tokeni nje kwanza, mambo mengine baadaye.

4. Ukimkuta mtu amezimia, fungua milango, mvute nje kwenye hewa safi, kisha mbio hospitalini. Mwambie daktari kwamba kulikuwa na jiko. Atapewa oksijeni tupu. Kwa hewa ya kawaida, sumu hiyo huchukua saa nne mpaka tano kupungua nusu. Kwa oksijeni tupu, kama saa moja na nusu.

5. Mtoto akiwa na kikohozi, mhesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mchanga wa chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 mpaka 11, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au midomo na ulimi vimegeuka rangi, usingoje asubuhi, na usingoje futari.

6. Mafundi wa kuchomelea vyuma mlioko hapa: oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huwasha kila kitu kwa ukali. Usitie grisi wala mafuta kwenye vali ya mtungi wa oksijeni. Waweza kulipuka mkononi.

Nimeletewa karatasi ya swali: mgonjwa akiwekewa oksijeni, saumu yake yavunjika? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, liliitaja gesi ya oksijeni miongoni mwa vitu visivyobatilisha saumu. Kwa hiyo asiikatae mtu kwa kuogopea funga yake. Ila mgonjwa wa kiasi hicho ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na hilo maustadhi wetu hapa watalifafanua kuliko mimi. Mwenye pumu anayetumia dawa ya kuvuta naye azungumze na daktari wake na sheikh wake kabla Ramadhani haijaingia, asiiache dawa kimya kimya.

Nimalizie na vijana. Tumeona kwamba pumzi moja imewashughulisha mganga wa Cairo, mkemia wa Paris, Mjapani na kifaa chake, na watafiti wa mpaka juzi. Kazi haijaisha. Hospitali zetu zinahitaji mafundi wa kutengeneza mashine za oksijeni zikiharibika, manake nyingine hulala stoo kwa kukosa kipuri kimoja. Zinahitaji wauguzi wanaojua kipimo na wakemia. Binti aliyekaa pale nyuma, na kijana anayejificha nyuma ya nguzo, hesabu na kemia si za watu wengine.

Na sote, tukifika nyumbani usiku huu, kila mmoja atazame jiko limewekwa wapi kabla ya kulala.